Fimbo ya kwanza ya kuvulia kwa nzi bandia
Unaanza kuvua kwa nzi bandia, yaani chambo chepesi kilichotengenezwa kama mdudu? Chukua fimbo ya futi 9, namba 5 (namba ni kipimo cha uzito wa mshipi unaoifaa fimbo), na mshipi unaoelea wa namba hiyohiyo. Hapa kinachorushwa ni uzito wa mshipi, si wa chambo. Ukiweka mshipi wa namba 3, fimbo hiyo haipindi vya kutosha na mshipi unakuangukia miguuni. Rili (kifaa cha kukunjia mshipi) ya kawaida inatosha, pesa peleka kwenye mshipi. Jizoeze kwanza kwenye nyasi, na mahali pa ndoana funga kipande cha uzi wa sufu. Ukirudisha fimbo nyuma, isimamishe, subiri mshipi unyooke ndipo urushe. Ukisikia mlio kama wa mjeledi, ujue umewahi mno kurusha, na mara nyingi nzi keshakatika. Fundo la kufungia nzi lilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza. Likikazwa kavu, uzi hudhoofika palepale.