Jinsi ya kusikiliza Juju Music ya King Sunny Ade

Kwanza toa kichwani hii habari ya kusubiri sebene. Sisi tuliokulia kwenye dansi tumezoea wimbo uanze polepole, waimbe weee, halafu chemko, watu ndo wainuke. Juju Music, albamu ya 1982 ya King Sunny Ade, mwanamuziki wa Nigeria, haina hiyo, inaanza ishakolea na inabaki hapohapo, ndo maana wengi wanasema mbona haibadiliki, wanairuka.

Kaspika ka simu hakafai, besi yote inapotea, tafuta sabufa au hedifoni. Na hii baridi ya Arusha ya mwezi wa saba we jifungie ndani tu.

Anza na Ja Funmi, ndo ya kwanza. Humo anakiomba kichwa chake kimpiganie, maana kwa Wayoruba, kabila lake huko Nigeria, kichwa ndo kimebeba majaliwa ya mtu. Mara ya kwanza iache ipite huku unapika. Mara ya pili shika gitaa moja, maana yapo mengi na kila moja linarudia kakipande kake kafupi, ukitaka kuyasikia yote kwa pamoja utachoka bure, fuata moja mpaka mguu uanze kugonga wenyewe ndo uhamie lingine.

Alafu ngoma. Ile inayolia kama mtu anaongea inabanwa kwapani, mpigaji akikaza kamba sauti inapanda, akilegeza inashuka, na Kiyoruba chenyewe maana ya neno inabadilika kwa sauti kupanda na kushuka, kwa hiyo ngoma inatamka methali kabisa na Myoruba anaelewa. Sisi tutaambulia mlio tu, ila sikiliza inavyodakia Sunny akimaliza mstari.

Kuna pia mlio mwembamba unaoteleza kwa juu. Kama Jumapili nyumbani kwenu mzee alikuwa anaweka Jim Reeves utaujua tu, ni lile gitaa la kulaza linalopigwa kwa chuma kinachotelezeshwa kwenye nyuzi, hapa kalipiga Demola Adepoju. Mi hapo ndo iliponikamata.

Ukishaizoea nenda kwenye santuri zake za kwao Nigeria, wimbo mmoja unakula upande mzima. Hii ilifupishwa na prodyuza Mfaransa, Martin Meissonnier, maana Island, kampuni ya rekodi iliyoitoa, walitaka soko la Ulaya na Marekani, na nyota wao Bob Marley alishafariki 1981. Kwenye sherehe za kwao bendi inakesha, watu wanakuja mbele kumtunza mwimbaji, noti inabandikwa kwenye paji la uso.

Kucheza sasa, usiruke ruke. Kunja magoti kidogo, shusha mabega, tembea nayo kama mama anayeenda kutunza na hana haraka ya kurudi kukaa. Ila kwenye sendoff za huku usimpe DJ, ataikata kabla hata ngoma haijajibu.