Jinsi ya Kuripoti Shaka ya Kudhulumiwa kwa Mtoto Unayemhudumia kwa Fiziotherapia Kisumu

Mtaalamu wa fiziotherapia huushika mwili wa mtoto kwa muda ambao wahudumu wengi wa afya hawaupati, kwa hiyo huenda akawa wa kwanza kuona jeraha lisilo na maelezo. Michubuko ya magoti na miundi ni ya kawaida kwa mtoto achezaye. Ile ya masikio, shingo au matako, au mchubuko wowote kwa mtoto asiyeweza kutambaa, ndiyo ya kutilia shaka. Mabaka ya samawati ambayo watoto wengi wetu huzaliwa nayo kiunoni yasikuhadae: hayana maumivu, wala hayabadiliki rangi baada ya siku chache.

Kwanza, andika siku hiyo hiyo: saa, mahali alama ilipo na ukubwa wake, maelezo ya aliyemleta, na maneno ya mtoto kama alivyoyatamka, hata yakiwa ya Kidholuo. Swali moja, "Hapa pamefanyaje?", latosha, kwani maswali ya kumwelekeza mtoto huharibu ushahidi. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu.

Kisha mjulishe msimamizi wako na uripoti kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo, au upige simu nambari 116 ya kusaidia watoto, ambayo haitozwi na hupokewa usiku na mchana. Ukishuku aliyemleta, usimkabili. Hatari ikiwa ya papo hapo, nenda kwenye dawati la jinsia katika kituo cha polisi, nawe usiondoke bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Fomu ya P3, ya kuthibitisha majeraha kwa ajili ya kesi, hutolewa na polisi, na sehemu yake ya kitabibu hujazwa na daktari au afisa wa kliniki, si wewe.

Dhuluma ikiwa ya kingono, hospitali hutangulia makaratasi ya polisi, kwa sababu dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi lazima zianzwe kabla ya saa 72 kupita. Mtoto asiogeshwe, na nguo zake zitiwe katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga ina kituo cha kuwahudumia waathiriwa, na fomu ya PRC, yaani ya huduma baada ya ubakaji, hujazwa hospitalini.

Hapa ndipo kesi nyingi huzamia: jamaa huomba jambo limalizwe kwa wazee kwa faini. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006, uamuzi wa kusitisha kesi si wa familia, sembuse wako.

Faili ya mtoto ifungiwe kabatini, na tiba iendelee kwa tarehe zilizopangwa. Mtoto asipoletwa, mjulishe afisa wa watoto siku hiyo hiyo.