Somo: Mbona mboji yako haiozi? Anza kwa kulishika jani

Naandika ili nikiulizwa tena nibandike hii basi. Wiki hii nimeulizwa mara nne, na wote wanne wana biwi la majani ya mwembe.

1. Kusanya majani, kila aina na fungu lake.

2. Lishike jani. Likichanika kama karatasi iliyolowa (gilirisidia, mlusina), litaoza upesi: ni laini na lina naitrojeni nyingi, kirutubisho cha mmea. Likiwa gumu, linang'aa nta, ukilikunja linalia (mwembe, mkorosho), limejaa lignini, ile inayoupa mti ugumu. Wanaoimudu hasa ni kuvu, na kuvu hawana haraka.

3. Bichi la kukata si sawa na lililodondoka. Mti hujirudishia sehemu kubwa ya naitrojeni kabla ya kuliachia jani. Wewe unaokota makombo.

4. Katakata, changanya makavu (yenye kaboni nyingi) na mabichi (yenye naitrojeni zaidi). Biwi zuri lina kaboni kama mara 25 hadi 30 ya naitrojeni. Huna maabara, nami sina: lisipopata joto ongeza mabichi au samadi, likinuka ongeza makavu.

5. Lowesha, geuza.

6. USIFUKIE UDONGONI MAKAVU AMBAYO HAYAJAOZA KUWA MBOJI. Nilizoa viroba sita, vumbi la mbao na majani ya mvinje (ule mti wa pwani wenye majani kama sindano), nikafukia kwenye matuta yangu ya mchicha hapa Pongwe, Tanga, najiona mjanja. Haikupita wiki mbili mchicha ukawa manjano, majani ya chini yakianza. Nikadhani kiu, nikamwagilia; wapi! Vijidudu vinavyoozesha vitu maskini hivyo havikuti naitrojeni ya kuvitosha humo, basi vinainyakua ya udongoni, mmea unabaki unatazama. Vumbi la mbao lina kaboni mara mia kadhaa ya naitrojeni. Kulitandaza juu ya tuta, sawa. Kulizika, msimu umekwenda.

MASWALI (kila muulizaji kwa jina la anakotoka)

Makorora: Mkuu, ya mwembe yanaoza siku ngapi?
— Hatua ya 2.
Makorora: Nimesoma. Nataka siku.
— Uliyakatakata? Uliyalowesha? Rudi ukishajibu.

Muheza: Shikamoo mwalimu. Mvinje si una vijidudu mizizini vya kunasa naitrojeni ya hewani, kama mlusina? Mbona majani yake yanalala chini kama zulia?
— Marahaba, umeuliza. Naitrojeni imo, ila imefungiwa. Mvinje una lignini na tanini nyingi (tanini ndiyo ile kali inayokausha ulimi), na tanini hung'ang'ania protini, ambamo naitrojeni imo. Ndiyo kazi ya gome la mkoko kwenye ngozi: ngozi ikishalewa tanini haiozi. Mvinje unajitengenezea ngozi wenyewe.

Pangani: Kumbe! Bibi yangu alikuwa akifukia makumbi ya nazi kwenye tope la pwani miezi na miezi, akifukua nyama imelegea, usumba (zile nyuzi) mzima.
— Usumba umejaa lignini, ndiyo maana ulibaki.
Pangani: Basi lile vumbi la usumba naweza kuoteshea miche?
— Unaweza. Lioshe kwa maji yasiyo ya chumvi mara kadhaa kwanza, lionje ulimini. Likiwa bado na chumvi, osha tena.