Kubadilisha boljointi za mbele za Hilux ukiwa nyumbani

Nimetoka kumsaidia jirani anayebeba viazi kutoka Umalila kufunga boljointi mpya, yaani viungo vinavyozunguka vinavyounganisha gurudumu la mbele na mikono inayolishika, kwenye Hilux yake. Aliyoniuliza ndiyo ninayoulizwa kila msimu wa viazi, kwa hiyo nayaandika hapa kwa utaratibu. Kazi hii inafanyika uani bila shida, ila inataka umakini. Boljointi ya chini ikichomoka ukiwa unashuka Mlima Nyoka, Mbalizi au Kitonga, tairi linalala na usukani hauna tena la kufanya.

Jua kwanza gari lako. Hilux zenye springi za majani mbele, mfano LN106, na Land Cruiser za 70, zina ekseli nzima mbele. Hizo hazina boljointi za namna hii, nako zake (chuma kinachobeba gurudumu) zinazunguka kwenye beringi. Ninachoeleza ni Hilux zenye amu (mikono ya chuma inayoshika gurudumu) mbili kila upande, ya juu na ya chini, na boljointi zilizofungwa kwa boliti. Kama boljointi yako imeshindiliwa kwenye amu kwa presi (mashine ya kubana), ishushe amu nyumbani kisha uipeleke gereji yenye presi. Usiigonge kwa nyundo kuiingiza.

1. Hakikisha ni boljointi kweli

Angalia springi au toshenibaa (fimbo ya chuma inayojipinda badala ya springi) inakaa kwenye amu ipi. Ikikaa amu ya chini, weka jeki chini ya amu hiyo, karibu na boljointi. Ikikaa amu ya juu, inua kwa chesisi na uweke kabari ya mbao kati ya amu ya juu na chesisi. Usipofanya hivyo springi inaibana boljointi, na iliyokwisha itaonekana nzima.

Pitisha mtaimbo chini ya tairi, unyanyue huku mwenzako akitazama maungio. Kisha shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukipotea, ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, ni boljointi. Mchezo wa kushoto na kulia mara nyingi ni tairodi (fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu).

Raba inayofunika boljointi ikiwa imepasuka, badilisha hata kama hakuna mchezo. Kiangazi vumbi letu linaingia na kusaga chuma ndani, na masika tope linaosha grisi yote. Ongeza lumbesa (magunia yaliyojazwa kupita kiasi) zilizopandishwa hadi juu ya keji, na boljointi haidumu.

2. Nunua mpya

Boljointi ya mtumba siinunui, hata ikiwa imetoka Japani jana. Huwezi kuona ndani imelika kiasi gani. Mimi nachukua ya Toyota yenyewe au ya chapa ya 555, kwenye duka linalokubali niirudishe. Shika shina lake ulizungushe kwa mkono: liwe gumu kiasi na lisipige kelele. Likienda kiurahisi kama kijiko kwenye kikombe, iache. Nenda na ya zamani, au na namba ya gari, ulinganishe matundu ya boliti na unene wa koni (sehemu ya shina inayopungua unene). Nunua na pini mpya za kuzuia nati. Badilisha pande zote mbili.

3. Inua gari

Sehemu tambarare na ngumu. Kabari matairi ya nyuma, handibreki juu. Stendi za chuma chini ya chesisi, siyo tofali za kuchoma, maana zinapasuka ghafla bila kukuonya. Mawe vilevile hapana. Huna stendi, azima.

4. Punguza nguvu ya springi

Kwa toshenibaa, legeza boliti yake ya kurekebisha. Kabla hujaigusa, piga alama ya rangi na upime urefu wa nyuzi zilizotokeza nje ya nati. Bila kipimo hicho gari litarudi likiwa limeinama upande mmoja. Kwa springi ya mduara juu ya amu ya chini, jeki ibaki chini ya amu hiyo muda wote, na usikae mbele ya amu hata ukiamini jeki yako.

Toa tairi, toa kalipa (kifaa kinachobana diski ya breki) na uifunge kwa waya kwenye chesisi, isining'inie kwenye mpira wake wa breki. Waya wa sensa ya ABS (mfumo wa kuzuia matairi yasifunge ukikanyaga breki) uuchomoe kama upo.

5. Kuachanisha koni

Hapa ndipo watu wanapoteza siku nzima. Shina la boljointi ni koni inayobanwa ndani ya tundu la koni, na baada ya miaka vyuma hivyo viwili vinashikana kama kimoja. Mafuta ya kulegeza kutu hayapenyi humo. Yatumie kwenye boliti na nati, usiku mmoja kabla, lakini kwenye koni usiyategemee.

Toa pini, legeza nati mpaka ilingane na ncha ya uzi wa shina, kisha iache hapo. Usiitoe. Koni inaachia kwa kishindo, na nati ndiyo itakayozuia amu isiruke. Pia inaulinda uzi, maana pula ikisukuma ncha tupu inaifungua kama uyoga.

Chombo ninachokitaka ni pula (kifaa cha kuvutia) ya meno mawili yenye skrubu katikati. Ile ya uma inayopigwa kwa nyundo inachana raba. Kwa boljointi unayoitupa haina neno, lakini ukiitumia kwenye tairodi nzima umejiongezea gharama. Kaza pula mpaka iwe ngumu kweli, usiendelee. Sasa chukua nyundo nzito, ya kilo 2 hivi, upige ubavu wa jicho la nako, pale koni ilipoingia. Piga makofi mazito machache, siyo mengi mepesi. Mwenzako akishikilia nyundo ya pili upande wa pili wa jicho, nguvu yote inabaki kwenye chuma. Jicho linatikisika, koni inaachia. Isipoachia, kaza pula robo mzunguko, piga tena.

Usipige ncha ya shina, usipige amu, na uangalie usigonge diski wala kitako cha sensa. Na gesi ya kuchomelea iwekwe mbali. Najua mafundi wengi wanaikimbilia, na kweli koni inatoka, lakini nako imepewa ugumu wake kiwandani kwa joto, na ukiichoma mpaka iwe nyekundu umeuharibu. Chuma hicho ndicho kinachobeba gurudumu.

Ikiachia, toa nati. Kama ni 4x4, funga nako kwa waya isije ikaanguka nje na kuvuta eksoshafti (shafti inayozungusha gurudumu).

6. Funga mpya

Toa boliti za boljointi ya zamani, weka boljointi mpya. Piga brashi ya waya ndani ya tundu la koni na uifute ikauke. Koni ikae kavu, bila grisi wala oili, kwa sababu inashikwa na msuguano. Ukiona tundu lina mikwaruzo mikubwa au limekuwa yai, nako hiyo imekwisha, hakuna boljointi itakayokaa humo.

Shina likizunguka pamoja na nati, sukuma amu kwa jeki taratibu mpaka koni ishike.

7. Nati na pini

Kaza kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), kwa kipimo cha kitabu cha gari lako. Tundu la pini lisipolingana, kaza zaidi kidogo mpaka lilingane. Kamwe usilegeze kulitafuta. Kunja miguu ya pini yote miwili. Boljointi zenye niplo (kitundu cha kuingizia grisi) zipigwe grisi pole pole mpaka raba ivimbe kidogo tu. Ikijaa kupita kiasi inapasuka.

Rudisha boliti ya toshenibaa kwenye kipimo chako.

8. Alaimenti

Fanya alaimenti (kunyoosha mwelekeo wa matairi) mjini, gari likiwa tupu, kabla hujapakia. Kwanza liendeshe kidogo, springi zikae. Ukirudi kutoka safari ya kwanza yenye mzigo, ingia chini na tochi, hakikisha boliti zote na pini ziko pale ulipoziacha.