Kutoka jukwaani hadi kwenye kompyuta: mwanamuziki mzoefu anavyoanza kutengeneza muziki wa kielektroniki

Mpiga gitaa aliyekaa miaka ishirini katika bendi ya dansi anapofungua programu ya kutengenezea muziki kwa mara ya kwanza, kinachomuudhi zaidi ni kujiona amerudishwa darasa la kwanza. Masomo mengi ya mtandaoni yameandaliwa kwa ajili ya kijana asiyejua kodi ni nini (noti kadhaa zinazopigwa pamoja), na mzoefu anayeyafuata tangu ukurasa wa kwanza hupoteza miezi akifundishwa mambo aliyoyajua kabla mwalimu wake hajazaliwa. Mimi niliingia huku nikitokea kwenye gitaa la rhythm, lile linaloshikilia mwendo wa wimbo, na ninavyoona, njia ya mkato ni kuchukua wimbo mmoja unaoujua hadi usingizini, kuujenga upya ndani ya kompyuta, na kusikiliza ni wapi mashine inaukosea, kwa maana hapo ndipo lilipo somo lako.

Vifaa visikuchukulie muda. Kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 au zaidi, kadi ya sauti ya nje yenye matundu mawili, hedifoni zinazofunika masikio na kibodi ndogo ya midi (lugha ambayo ala hutumia kuiambia kompyuta noti gani imepigwa) vinatosha kabisa. Programu kubwa, kama vile FL Studio, Ableton Live, Logic Pro na Reaper, zote zinafanya kazi hiyo hiyo, na LMMS haina malipo. Chagua ile anayoitumia mtu wa karibu unayeweza kumpigia simu usiku ukakwama, kisha usiiache kwa muda wa nusu mwaka.

Jambo la kwanza litakalokukera ni kuchelewa kwa sauti. Kompyuta hukusanya sauti kwa mafungu kabla ya kuichakata, na ukubwa wa fungu hilo unaupanga wewe mwenyewe katika mipangilio ya sauti. Ukirekodi kwa sampuli, yaani vipimo vidogo vya sauti, 48,000 kwa sekunde huku fungu likiwa sampuli 1,024, kila fungu huchukua takribani milisekunde 21, na sauti ikiingia na kutoka zinakuwa zaidi ya 42. Kwa kuwa sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, ni sawasawa na kupiga gitaa huku spika yako iko mita 14 mbali nawe. Mwanafunzi huenda asilitambue hilo, lakini vidole vyako vitalijua katika baa ya kwanza tu, yaani fungu la kwanza la mapigo ya wimbo, nawe utadhani umezeeka. Shusha fungu hadi sampuli 128 unaporekodi, kisha ulipandishe wakati wa kumiksi, yaani kusawazisha na kuchanganya sauti zote, ili kompyuta isielemewe.

Suala la mapigo ndilo linalostahili wiki zako nyingi za mwanzo. Programu hufunguka ikiwa na baa ya nne kwa nne iliyokatwa vipande 16, na anayekubali gridi hiyo, yaani mistari inayopanga noti zikae wapi, bila kuuliza atatunga muziki wa gridi. Jaribu kuandika ngoma ya chakacha ya pwani, ambayo huhesabiwa sita kwa nane, ndani ya vipande 16, na utaona jinsi inavyokataa: mapigo yake yanagawanyika kwa tatu, hivyo hayapati pa kukaa. Badilisha hesabu ya baa iwe 6/8 au 12/8, au iagize gridi igawe kila pigo kwa tatu, ndipo uandike ngoma moja moja, kuanzia ile inayoshikilia mwendo.

Baada ya hapo kuna kwantaizi, yaani kitendo cha kuvuta kila noti hadi kwenye mstari ulio karibu nayo. Katika kazi yangu ya kwanza niliitumia kwa asilimia 100 kwenye kila chombo, kwa kuwa kwenye kioo ilipendeza mno. Mpiga tumba wetu wa zamani alisikiliza kidogo, akavua hedifoni, akauliza huyu mpigaji anapumua saa ngapi. Nilirudi nyumbani nikairudisha rhythm ilivyokuwa, nikapima: kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, robo ya pigo ni milisekunde 125, na mkono wangu ulikuwa ukichelewa milisekunde kumi hivi karibu kila mara, mahali pale pale. Haukuwa uzembe, ndiyo iliyokuwa staili ya bendi. Kwa hiyo nyoosha ngoma ya chini peke yake, kayamba uipige kwa mkono kwenye kibodi, na vyombo vingine uvivute kwa asilimia 40 au 50 tu. Angalia pia nguvu ya kila noti, ambayo midi huiandika kwa tarakimu kutoka 1 hadi 127. Ukiona noti zote ziko 100, hapo hakuna mtu anayepiga.

Wapiga udi, fidla na kanuni wana shida yao ya pekee, kwa sababu kibodi haina robo toni. Maqamu (mpangilio wa noti wa Kiarabu) ya rasti ikianzia C inahitaji E iliyo chini kwa senti 50, yaani nusu ya hatua kati ya vitufe viwili vinavyofuatana, kuliko ile ya kinanda, na kuibadili E hiyo kuwa ya kawaida ni kuiharibu taarabu yote. Surge XT, sintesaiza (chombo kinachounda sauti kwa umeme) isiyo na malipo, inaweza kupokea faili la mpangilio wa sauti ulioutengeneza mwenyewe, na Ableton Live kuanzia toleo la 12 inao uwezo huo ndani yake.

Sintesaiza yenyewe usiiogope kwa wingi wa vitufe vyake. Fikiria uzi wa gitaa: ukiukwanyua, sauti huanza ghafla, hushuka, kisha hufa yenyewe, ilhali uta wa fidla huianzisha taratibu na kuishikilia kadiri mkono unavyotaka. Vitufe vinne vya bahasha ya sauti vinapanga hayo tu: inavyoanza, inavyoshuka, inavyobaki na inavyoisha. Filta nayo hufanya kazi inayokaribiana na ya kiganja kinachozima nyuzi karibu na daraja, kwa kupunguza ukali na kuacha kifua. Chukua wimbi moja la msumeno, yaani sauti ghafi yenye ukali mwingi, na kwa kutumia bahasha na filta peke yake, utengeneze sauti ya besi, halafu ya fidla, halafu ya kinanda cha zamani. Jioni moja ya zoezi hilo ilinifaa kuliko sauti elfu zilizotengenezwa tayari.

Kinachobaki kigumu ni kupanga wimbo. Katika dansi, wimbo hutoka kwenye maneno ukaingia kwenye chemko, sehemu ya mwisho inayochangamka, na kila mmoja jukwaani analijua hilo kwa kutazamana. Katika muziki wa kielektroniki kodi moja inaweza kudumu dakika sita, na mabadiliko yakaletwa na filta inayofunguka polepole au na besi iliyoondolewa kwa baa nane kisha ikarudi. Mzoefu huona pengo hilo akataka kulijaza solo. Wasikilize vijana wa singeli, muziki wa kasi wa Dar es Salaam, waliochukua vipande vya vinanda vya taarabu, wakavizungusha na kuvikimbiza kupita mapigo 200 kwa dakika: wimbo mzima unaweza kusimama juu ya kipande cha sekunde mbili, na hauanguki.

Kumiksi kwa mwanzo kusizidi mambo mawili. Rekodi sauti ikiwa na kilele cha karibu desibeli 12 chini ya kikomo, na kwenye gitaa kata kila kilicho chini ya hertzi 80, kwani uzi wake mnene kabisa, ukiwa wazi, unaanzia 82 na eneo lile ni la besi na ngoma. Ukimaliza, toa faili, liweke kwenye simu, ulisikilize ukiwa safarini kwenye daladala, na uandike dakika na sekunde za kila mahali ulipotamani kusogeza mbele. Kesho yake ufungue kompyuta uanze na orodha hiyo.