Tumbo linauma wapi? Kwa ndugu zetu mlio ughaibuni

Mdogo wangu anaishi Leeds. Mwaka jana alinipigia, huku kwetu Kirumba, Mwanza, ikiwa imekaribia saa sita usiku, akasema, "Dada, tumbo linaniuma."

"Wapi?"

"Si nimesema tumboni, dada?"

Nikamwambia aweke kiganja pale panapouma. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: chini ya kitovu, upande wa kushoto. Hapo nikaelewa kwa nini dawa ya kupunguza asidi aliyoimeza wiki tano haikumsaidia kitu. Kliniki alikuwa amesema "stomach", wakamtibu "stomach".

Kwetu tumbo ni tumbo, toka chini ya mbavu hadi kinenani, nje na ndani, chakula kinapoingia na mtoto anapobebwa. Kiingereza kimeligawa. Mtaani Mwingereza naye husema "stomach" kwa eneo lote, na ndiyo maana neno hili hutunasa. Ila kwa daktari "stomach" ni mfuko wa chakula, nao uko juu, chini ya mbavu za kushoto, jirani na chembe ya moyo. Tumbo zima analiita "abdomen", na ndilo neno utakaloliona kwenye barua na vipimo. "Belly" ni tumbo la kawaida tu. "Tummy" lilitokana na vinywa vya watoto, lakini Uingereza hata daktari humwambia mtu mzima "tummy", kwa hiyo usidhani umedharauliwa. Utumbo ni "bowel" au "gut", na mji wa mimba ni "womb".

Ushauri wangu mkubwa ni huu: usitafute jina la kiungo. Onyesha kwa kidole kimoja, useme "here". Madaktari hugawa tumbo mafungu manne kwa msalaba unaopita kitovuni, na kila fungu lina maana yake kwao. Kidole tumbo, kwa mfano, mara nyingi huanza kuuma katikati kuzunguka kitovu, kisha maumivu yanahamia chini kulia. Ukisema tu "stomach" safari hiyo yote inapotea. Mwambie yalianzia wapi na sasa yako wapi.

Kisha sema yanaumaje. Sisi tuna utajiri hapa: tumbo linasokota, linanyonga, linachoma, linavuta, limejaa. Kusokota ni "cramping". Kuwaka moto ni "burning". Kichomi kama cha kisu ni "sharp", na neno hilo linaeleza aina ya maumivu, si ukali wake. Maumivu madogo yanaweza kuwa "sharp". Kiungulia ni "heartburn", ingawa moyo haumo kabisa. Lakini chembe ikibana, jasho likakutoka, maumivu yakapanda begani au tayani, hapo moyo unaweza kuwamo kweli. Usisubiri miadi. Piga 999 Uingereza, 911 Marekani, 112 nchi za Ulaya.

Maswali ya choo ndiyo yanayoumiza watu wetu zaidi, kwa sababu ya aibu na kwa sababu ya maneno. "Bowel movement" ni kwenda haja kubwa. "Have your bowels opened?" maana yake umepata choo? "Stool" ni kinyesi, na neno hilohilo ni kigoda. Fomu ilimuuliza mdogo wangu kama ana damu kwenye "stool", akaweka alama ya hapana. Damu alikuwa ameiona mara tatu.

Na hapa nawasihi ninyi mliokulia ufukweni mwa ziwa. Sisi tulikulia Igombe. Tuliogelea, tukafua, tukachota maji, tukasimama majini hadi kiunoni kupokea mitumbwi ya dagaa. Kichocho cha Ziwa Viktoria ni kile cha utumbo. Vijidudu hutoka kwa konokono wa majini, hupenya ngozi, na minyoo iliyokomaa hukaa miaka mingi katika mishipa ya damu iliyo karibu na utumbo. Usipotibiwa, ini linaweza kuharibika. Daktari aliyesomea mbali na ziwa hawezi kulifikiria hilo kama hujamwambia. Sema hivi: "I grew up on the shore of Lake Victoria and I swam in it." Taja "bilharzia", jina lililotokana na Theodor Bilharz, daktari Mjerumani aliyewagundua minyoo hao Cairo mwaka 1851. Kipimo cha choo mara nyingine hakioni mayai, basi uliza pia kipimo cha damu. Dawa yake ni praziquantel, na hutolewa kwa kufuata uzito wa mwili. Mdogo wangu alipata nafuu baada ya hiyo, si baada ya chupa nne za dawa ya asidi.

Kuna misemo yetu isiyovuka bahari. Ukimwambia nesi kwamba tumbo lako ni joto kwa hofu ya upasuaji, atakupima homa. Sema "I am nervous". Wao wana vipepeo tumboni pale sisi tuna tumbo joto, na ushujaa wameuweka kwenye matumbo, "guts", pale sisi tunasema fulani ana moyo. Kwenye fomu za uhamiaji, ndugu wa tumbo moja andika "same mother". Ukiandika "full brother" umesema baba pia ni mmoja, na kosa hilo si dogo.

Kwenye dawa, "on an empty stomach" kwa kawaida ni saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula. Chai ya maziwa na chapati ni kula.

Mwisho, omba mkalimani. Uingereza NHS, yaani huduma ya afya ya taifa, inatoa bure, na Marekani hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinawajibika kukupatia. Usimtumie mtoto wako kutafsiri damu ya mama yake. Omba siku unapoweka miadi, utaje Kiswahili, na kama mzazi uliyemleta huko anajieleza vizuri zaidi kwa Kisukuma au Kikerewe, liseme hilo mapema, kwa sababu mkalimani wa lugha hizo huchukua muda kupatikana na pengine atakuwa kwenye simu. Akiwa kwenye simu haoni kidole cha mama kimeelekea wapi. Mwambie wewe.