Jinsi ya kujenga tembe kwenye kompyuta ili wanafunzi wa fizio wajifunze kumhudumia mgonjwa akiwa kwake

Wanafunzi wa fizio (tiba ya viungo kwa mazoezi) mliopo Dodoma na walimu wenu, ishu ni hii: mgonjwa wa kiharusi anatembea vizuri wodini, sakafu ya taili, mlango mpana, halafu anaruhusiwa anarudi Chamwino au Bahi kwenye tembe, ile nyumba ya udongo yenye paa bapa, mlango mfupi, kizingiti, uwanja wa mchanga, choo cha shimo kiko kule nje, na hakuna aliyemfundisha kupita hapo. Hiyo nyumba mnaweza kuijenga kwenye ulimwengu pepe, yaani mahali pa kuigiza ndani ya kompyuta, mkaingia na kufanya mazoezi humo kabla hamjaenda kwa mgonjwa mwenyewe.

Vyuo vingi vya nje vilianzia Second Life, ulimwengu pepe wa 2003, ila kule ardhi inalipiwa na intaneti inatakiwa muda wote. Mi nashauri OpenSimulator (OpenSim), programu ya kuendeshea ulimwengu pepe wako mwenyewe, ipo tangu 2007, ni ya bure na inakaa kwenye kompyuta yenu wenyewe, yaani ukishapakua bando halihitajiki tena. Pakua na Firestorm, lile toleo linalokubali OpenSim, ndo utaingilia humo. Washa OpenSim, jibu maswali yake ya mwanzo (jina la eneo, jina la mwenye eneo), halafu kwenye Firestorm ongeza anwani http://localhost:9000. Wenzako wa maabara hiyohiyo wataweka namba ya IP ya kompyuta mama (ile inayoendesha OpenSim) badala ya localhost.

Kabla hujajenga chochote nendeni na futi mkapime tembe ya kweli, muombe ruhusa kwa wenyewe: urefu wa mlango, kizingiti, umbali wa chooni. Humo ndani vipimo ni vya mita, kwahiyo unaunganisha maboksi tu kwa vipimo vilevile. Angalia sana avata (yule mtu wa kwenye skrini unayemwongoza), kwa kawaida linakuja refu kupita mtu wa kweli, lipunguze, la sivyo kila mlango utauona mfupi. Na ukiingia ndani kamera inabaki juu ya paa, zungusha gurudumu la mausi mpaka uone kwa macho ya avata.

Sasa mnagawana, mmoja mzee aliyelegea upande wa kulia, mmoja fizio, mmoja mama wa nyumbani anayemhudumia, wengine wanaangalia, na kaeni chumba kimoja muongee kwa mdomo, kuhangaika na maiki hakuna haja. Fizio aulize kwanza, asikimbilie kuagiza. Kiti mwendo kinapita? Mlango unatakiwa uwe wazi kama sm 80. Rampu je? Kwa kipimo cha 1:12, yaani kila sm 1 ya kupanda inahitaji sm 12 za urefu wa njia ya mteremko, kizingiti cha sm 30 kinadai rampu ya mita 3.6, iwekeni muone inavyokula uwanja, hapo ndo mtaanza kujadiliana kweli na yule mama.

Kupima nguvu ya msuli au ukakamavu wa mkono msijifunzie humu, hiyo ni ya kushika mtu kwa mikono yako, mwalimu akiwa pembeni.

Mkimaliza andika save oar tembe.oar kwenye lile dirisha jeusi la OpenSim, faili weka kwenye flashi, darasa linalofuata watalifungua kwa load oar na kuendelea.